Mwanapunda aliyefiwa na mama: kumlea kwa mkono

Punda jike akifa akizaa, usikimbilie kumburuta kwenda kumzika. Mkamue kwanza. Kiwele chake bado kina dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya uzazi, na hiyo ndiyo kinga ambayo mtoto hataipata kwingine kwa urahisi. Kondo la nyuma la punda halipitishi kinga kutoka damu ya mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo mwanapunda huzaliwa hana silaha yoyote dhidi ya vijidudu vya zizini. Utumbo wake huipokea kinga ya dang'a vizuri katika saa 6 hadi 8 za mwanzo tu. Baada ya hapo uwezo huo hushuka saa kwa saa, na ukifika saa ya 24 umekwisha.

Osha mikono na kiwele kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, kisha kamulia kwenye kikombe kilichochemshwa. Chuchu ni mbili tu. Dang'a nzuri ni nzito, ya manjano, inanata vidoleni. Lakini kuna hali moja ambayo hupaswi kumgusa mzoga hata kidogo: mnyama amekufa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Hiyo huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Waondoe watoto na mbwa, mwite afisa mifugo, na dang'a itafute kwingine.

Kwingine ni wapi? Kwanza kwa jirani mwenye punda aliyezaa ndani ya siku hiyo, baada ya mtoto wake mwenyewe kushiba. Ukikosa, tumia dang'a ya ng'ombe au ya mbuzi. Kinga yake ni hafifu kwa punda na haidumu, lakini ni bora mara nyingi kuliko kumwacha bila chochote. Dang'a iliyogandishwa kwenye friza hufaa pia; iyeyushe kwa kuizamisha chupa ndani ya maji ya vuguvugu, kwa sababu joto kali huiharibu kinga yenyewe. Mwanapunda wa kilo 15 apate kama lita 1 katika saa 8 hizo, kwa mafungu ya mililita 100 hadi 150 kila saa. Kama daktari wa mifugo yupo karibu, siku ya pili anaweza kupima damu ajue kama kinga imeingia, na ikikosekana amtundikie plazma, yaani majimaji ya damu, kutoka kwa punda mzima mwenye afya.

Kabla ya kumpa chochote, mtie kidole safi mdomoni. Akikinyonya kwa nguvu, mnyweshe. Akiwa baridi, amelegea na hanyonyi, usimnyweshe kwanza. Mtoto mwenye ubaridi hawezi kumeng'enya, na maziwa yatamwingia mapafuni. Mkaushe kwa kumsugua na gunia au taulo, mfunge sweta kuukuu huku miguu ya mbele ikipita kwenye mikono ya sweta, na mwekee ubavuni chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kitambaa. Joto lake likipimwa njia ya haja kubwa liwe kati ya nyuzi 37.2 na 38.9. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, na kwa wiki 2 za mwanzo kitumie asubuhi na jioni.

Kitovu kichovye kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5, au iodini iliyopunguzwa makali, mara 2 au 3 kwa siku kwa siku 3. Iodini kali ya asilimia 7 huunguza ngozi na kuacha njia ya vijidudu kuingia, kinyume cha unachotaka. Usifunge kitovu kwa uzi mchafu, usikipake samadi wala majivu. Kitovu kikioza, usaha husafiri kwa damu hadi kwenye viungo. Siku chache baadaye utaona goti limevimba na mtoto anachechemea, na watu watasema amekanyagwa. Mwanapunda mchanga anayechechemea ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Angalia pia kinyesi cha kwanza, kile cheusi kama lami. Kitoke ndani ya siku moja. Akiinua mkia na kukamia bila kutoa kitu, mpe enema, yaani mwingizie njia ya haja kubwa mililita 50 hadi 100 za maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, kwa mrija laini uliopakwa mafuta ya mgando, taratibu bila kulazimisha.

Mama mwingine, kama yupo

Chupa ni njia ya pili. Ya kwanza ni punda jike aliyepoteza mtoto wake. Ukisikia yupo kijiji cha pili, mfuate. Mpake yatima maji ya uzazi au maziwa ya huyo jike, mpake jike mafuta yenye harufu kali ya mikaratusi puani ili asinuse tofauti, kisha mshikeni watu wawili mtoto akinyonya. Inaweza kuchukua saa chache au siku 3. Msiwaache peke yao mpaka jike ameruhusu kunyonywa mara kadhaa bila kushikwa, maana teke moja linaweza kumuua mtoto.

Penye mbuzi wa maziwa mpole kuna njia nyingine isiyotumiwa vya kutosha: msimamishe mbuzi juu ya benchi imara, mtoto anyonye moja kwa moja. Maziwa yana joto sahihi na hakuna chupa ya kuosha. Kwa mtoto mchanga mbuzi mmoja mwenye maziwa mengi huweza kutosha wiki za mwanzo.

Maziwa ya chupa

Hapa ndipo yatima wengi hupotea, na kosa karibu kila mara ni lilelile. Maziwa ya punda ni mepesi: mafuta hayafiki asilimia 2, protini ni kama asilimia 1.7, ila sukari ya maziwa hukaribia asilimia 7. Ya ng'ombe yana mafuta zaidi ya asilimia 3.5 na sukari chini ya asilimia 5. Ukimpa mwanapunda maziwa ya ng'ombe kama yalivyo, mafuta yanamzidi na nguvu ya sukari inampungukia. Basi yapunguze mafuta na uongeze sukari, lakini si sukari ya chai. Utumbo wa mwanapunda mchanga hauwezi kuivunja sukari ya chai; hupita nzima hadi utumbo mpana, huvuta maji, na mtoto huhara. Asali nayo iache. Kinachotakiwa ni glukosi ya unga, ile tupu isiyo na ladha wala vitamini.

Kwa lita 1: chemsha maziwa ya ng'ombe, yaache usiku kucha yakiwa yamefunikwa kwenye sufuria pana mahali pa baridi, kisha engua malai yote juu. Maziwa ya pakiti yenye mafuta ya asilimia 2 au chini hayahitaji kuenguliwa. Tia gramu 20 za glukosi, kama vijiko 5 vya chai vilivyosawazishwa, koroga, pasha hadi joto la mwili. Usiongeze maji kwa kudhani maziwa ni mazito. Mtoto atajaa tumbo bila kushiba. Maziwa ya mbuzi hayaenguliki kwa njia hii kwa kuwa mafuta yake hayapandi juu, lakini wanapunda wengi huyapokea vizuri bila kuongezwa kitu. Chunga tu asifunge choo.

Maziwa ya unga ya ndama ni ya kutumiwa kwa tahadhari. Soma mfuko. Ukiona monensini, lasalosidi au salinomisini, usinunue. Dawa hizo huwekwa kwenye vyakula vya ng'ombe na kuku, na kwa jamii ya farasi na punda ni sumu ya moyo. Kiasi kidogo kinaua. Onyo hili linahusu pia pumba au chakula cha kuku anachoweza kulamba kwenye ndoo ya jirani.

Kiasi hutegemea uzito, kwa hiyo mpime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya gunia, akiwa ndani ya shuka. Kwa mwanapunda aliyezaliwa na kilo 15:

- Siku ya 1 na ya 2: asilimia 10 ya uzito, yaani lita 1.5 kwa siku. Mililita 125 kila baada ya saa 2, mchana na usiku.
- Siku ya 3 hadi ya 6: panda taratibu hadi lita 2.25. Mililita 190 hivi kila baada ya saa 2.
- Siku ya 7 hadi ya 14: asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa wakati huo, kila baada ya saa 2 au 3.
- Wiki ya 3 na ya 4: kila baada ya saa 4. Mwezi wa pili, kila baada ya saa 6.

Usiku hauna njia ya mkato. Kwa mama yake angenyonya mara kadhaa ndani ya saa moja, matone matone. Tumbo lake ni dogo. Anayemnywesha saa 3 usiku na kurudi saa 12 asubuhi na chupa mbili kubwa atamkuta ana njaa, atamjaza kupita kiasi, na ifikapo mchana mtoto anahara au tumbo limejaa gesi. Gawaneni zamu nyumbani.

Chupa ya soda yenye chuchu ya mwanakondoo au ya mtoto inatosha. Tundu liwe la kudondosha ukipindua chupa, lisiwe la kumwaga. Mtoto asimame, au akilala alalie kifua, kamwe si ubavu. Chupa iwe usawa wa kiwele cha mama, ili anyooshe shingo mbele na pua isipande juu ya macho. Ukimwinua kichwa kama anayekunywa dawa atapaliwa. Maziwa yakitoka puani, simama. Ukiona kikohozi, homa na kupumua kwa haraka baada ya hapo, ni nimonia ya kupaliwa, na inahitaji dawa za daktari. Kwa sababu hiyohiyo usimmiminie maziwa mdomoni kwa kikombe, hata akikataa chupa.

Akishakunywa vizuri siku 2 au 3, mhamishie kwenye ndoo. Chovya vidole kwenye maziwa, aanze kuvinyonya, vishushe polepole mpaka midomo iguse maziwa. Hujifunza ndani ya siku moja. Ndoo inapunguza hatari ya kupaliwa, na inamzuia asikuone wewe kuwa mama. Osha vyombo kwa maji ya moto kila baada ya mlo; maziwa yaliyobaki yasikae zaidi ya saa 2 kwenye joto.

Kati ya siku ya 6 na ya 14 wengi huhara kidogo. Akiwa mchangamfu na ananyonya, usibadilishe kitu. Msafishe chini ya mkia na umpake mafuta ya mgando ngozi isichubuke. Uharo wa maji ukiambatana na kulegea, macho kuzama au kuacha kunyonya ni jambo jingine. Endelea na maziwa kwa mafungu madogo, na katikati ya milo mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Usiyachanganye na maziwa. Mwite daktari kabla ya jioni.

Utamwona akila kinyesi cha punda wakubwa. Mwache. Hivyo ndivyo anavyopata bakteria wa kumeng'enyea majani. Kama hakuna punda mwingine, mletee kinyesi kibichi cha punda mwenye afya aliyepewa dawa ya minyoo.

Wiki ya 2 mwekee majani laini makavu, maji safi na chumvi ya kulamba. Mwezi wa pili ongeza chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na alfalfa kidogo. Pumba za mahindi au ngano zisiwe mlo wake mkuu: zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ya mtoto hudhoofika. Maziwa yaondoe polepole kati ya mwezi wa 4 na wa 6, pale anapokula chakula kigumu vizuri.

Si kila yatima ni mchanga. Wizi wa punda kwa ajili ya ngozi, ambao Umoja wa Afrika uliukabili Februari 2024 kwa kuzuia uchinjaji wa namna hiyo, umeacha wengi wa miezi 2 au 3 bila mama. Huyo usihangaike naye kwa chupa. Mpe maziwa kwa ndoo mara 3 au 4 kwa siku na chakula cha protini.

Pepopunda haikupewa jina hilo bure: punda hupatwa nayo kirahisi mno. Yatima asiyepata dang'a achomwe sindano ya kinga ya muda mara anapozaliwa, na chanjo yenyewe aanze akiwa na miezi 4 hadi 6. Dawa ya minyoo ianze kwenye miezi 2 au 3, kwa kipimo cha uzito halisi.

Tangu wiki ya kwanza alale karibu na punda wengine, hata kama ni kuona na kunusa kupitia ua. Punda jike mzee mpole ndiye mwalimu bora. Mbuzi ni nafuu ya muda. Aliyelelewa na watu peke yao hajui mipaka. Anayekusukuma kwa kichwa akiwa na kilo 20 na watoto wakacheka, atakupanda mabegani akiwa na kilo 120. Akisukuma au kuuma, mwondoe kwa mkono thabiti bila kumpiga, na uondoke. Usicheze naye kwa kusukumana. Akiwa dume na hutaki mbegu yake, ahasiwe na daktari kati ya miezi 6 na 18. Mzigo asubiri mpaka atimize miaka 4, mifupa ikomae.