Somo: Namna ya kuipima habari ya uhai nje ya Dunia

Mwezi wa Aprili 2025, katika baraza moja la Mji wa Kale ambako huwa tunakunywa kahawa baada ya sala ya Isha, kijana mmoja alitusomea kutoka kwenye simu yake kwamba wanasayansi wamepata uhai katika sayari iliyo mbali sana na yetu. Mzee mmoja akamuuliza, "Wamewaona?" Kijana akajibu kuwa hawajaonekana, ila harufu yao imepatikana. Baraza zima likacheka. Hata hivyo, maneno yake hayakuwa mbali na ukweli, na ndiyo yaliyonifanya niliandae somo hili, ambalo haja yake ni kumwonyesha msomaji namna ya kuichukua habari ya aina hii na kuipitisha katika maswali ambayo wataalamu wenyewe huipitisha.

Mpangilio wa maswali hayo sikuubuni mimi. Mwezi Oktoba 2021, wanasayansi wa NASA wakiongozwa na James Green walichapisha katika jarida la Nature mizani yenye ngazi saba, inayoanzia pale dalili inapoonekana kwa mara ya kwanza na kuishia pale wachunguzi wengine, kwa vyombo vingine, wanapoona jambo ambalo uhai pekee ungelitabiri. Nimezipanga upya ngazi hizo kuwa hatua tano, kwa kuwa baadhi yake hufanywa kwa pamoja.

Hatua ya 1: Uliza kilichopimwa hasa ni nini

Kichwa cha habari husema "uhai", lakini mara nyingi kilichopimwa ni mwanga. Sayari ile ya Aprili inaitwa K2-18b. Iko umbali wa miaka ya nuru 124, upande wa kundi la nyota la Simba, ambalo mwezi huo huonekana juu sana katika anga ya Mombasa mapema usiku, ingawa nyota ya sayari hiyo ni hafifu mno kwa macho matupu. Uzito wa sayari ni takriban mara 8.6 ya Dunia na upana wake mara 2.6. Huizunguka nyota yake kwa siku 33, na kila inapopita mbele yake, sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hupenya katika hewa iliyoizunguka sayari kabla ya kutufikia sisi. Kila gesi hunyonya rangi zake maalumu. Kwa hiyo darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, huutawanya mwanga huo kama matone ya mvua yanavyoutawanya mwanga wa Jua ukawa upinde, kisha wachunguzi hutafuta ni rangi zipi zilizopungua. Mwaka 2023 kundi la Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitangaza kuwa limeiona methani na kaboni dayoksaidi. Mwaka 2025 kundi hilo likasema kuna dalili za dimethili salfaidi, au ndugu yake dimethili disalfaidi.

Hapo ndipo harufu ya kijana wetu inapoingia. Ukisimama pale Lighthouse maji yakiwa yamekupwa na mwani umeachwa wazi juu ya mawe, ile harufu inayokupiga puani kabla hujanunua hata kachri, sehemu yake ni dimethili salfaidi. Hutokana hasa na mwani na viumbe vidogo vinavyoelea baharini, na ndiyo sababu watu waliposikia jina lake likitajwa pamoja na sayari walirukia kusema kuna bahari yenye viumbe. Basi unapoisoma habari, lifute neno "uhai" na uandike mahali pake kile kilichopimwa: rangi fulani za mwanga wa nyota zilipungua kwa kiasi fulani.

Hatua ya 2: Ishuku nyumba yako kwanza

Hatua hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na inaweza kujaribiwa sebuleni. Chukua taa yenye kifuniko cha mviringo chenye upana wa sentimita 40, uweke ndani yake balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka, uzime taa nyingine zote, kisha uiweke simu yenye programu ya kupima mwanga upande wa pili wa chumba. Ndimu yenye upana wa sentimita 4 ikipitishwa karibu na kifuniko hicho huziba sehemu 1 katika 100 ya duara linaloonekana, na hicho ndicho kiasi ambacho Mshtarii ingeupunguza mwanga wa Jua kwa mtazamaji aliye mbali. Kwa Dunia yetu utahitaji punje ya pilipili manga, ambayo itaziba kama sehemu 1 katika 12,000, na simu yako haitaihisi hata ukiipitisha usiku kucha.

Nilipofanya jaribio hili nyumbani, mpwa wangu akiwa ameshika uzi uliofungwa ndimu, mwanga ulishuka kama nilivyotarajia. Kisha tukakaa kunywa chai, ndimu imetulia mezani, na namba kwenye simu ikashuka tena. Baada ya kama robo saa ikashuka mara nyingine kwa kiasi kilekile, na baada ya robo saa nyingine vilevile. Mpwa wangu, kwa haraka ya ujana, alisema tumepata sayari. Ilikuwa friji ya jikoni: kila mota yake ilipoanza kuzunguka, umeme wa nyumba ulishuka kidogo na balbu ikafifia.

Asitucheke mtu, kwa kuwa wakubwa nao yamewakuta. Darubini ya redio ya Parkes, nchini Australia, ilinasa kwa miaka kadhaa mapigo ya ajabu ambayo hayakuwa na maelezo, na mwaka 2015 ikabainika kuwa yalitoka katika maikrowevu ya kituo hichohicho, pale mtu alipoufungua mlango wake kabla haijamaliza kupasha chakula. Kwa sayari za mbali, friji hujificha mahali pawili. Ya kwanza ni chombo chenyewe, ambacho kina mitetemo na kelele zake. Ya pili ni nyota, ambayo huwa na madoa yenye ubaridi yanayobadilika, na madoa hayo yanaweza kuacha katika mwanga alama zinazofanana na za hewa ya sayari. Nyota ndogo nyekundu, kama ile ya K2-18b na ile ya TRAPPIST-1 yenye sayari saba, ndizo zinazosumbua zaidi kwa jambo hili.

Hatua ya 3: Uliza kama mahali penyewe panafaa

Hatua hii ni fupi kwa sababu majibu yake bado ni ya mabishano. Madhusudhan na wenzake wanaiona K2-18b kuwa dunia ya maji iliyofunikwa na hewa nene ya haidrojeni. Wengine husema vipimo hivyohivyo vinalingana na sayari ndogo ya gesi isiyo na bahari yoyote, au hata yenye mawe yaliyoyeyuka chini ya hewa yake. Mradi ubishi huo haujaisha, harufu ya bahari haina bahari ya kuiegemea.

Hatua ya 4: Tafuta kila njia isiyo ya uhai

Hapa ndipo madai mengi hukwama. Dimethili salfaidi ilionekana kuwa shahidi mwaminifu mpaka mwaka 2024, ambapo wachunguzi waliopitia vipimo vya chombo cha Rosetta waliikuta katika nyotamkia 67P, mahali pa barafu na vumbi ambapo hapana planktoni wala mwani. Mwaka huohuo, wanakemia wakaipata maabara kwa kuumulika mchanganyiko wa gesi kwa mwanga wa urujuanimno. Hilo halithibitishi kwamba ya K2-18b, kama ipo, haitokani na viumbe. Linathibitisha tu kwamba gesi hiyo peke yake haiwezi kusimama mahakamani.

Mfano wa karibu zaidi uko Mirihi. Mwezi Julai 2024 gari la Perseverance, lililotua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, lilipiga picha ya jiwe lililopewa jina Cheyava Falls, lenye madoa ya duara yaliyopauka katikati na kuzungukwa na ukingo wa giza, mfano wa ngozi ya chui. Makala iliyochapishwa katika Nature mwezi Septemba 2025 ilieleza kwamba katika madoa hayo kuna kaboni ya kikemia-hai pamoja na madini yanayoelekea kuwa vivianaiti na grigaiti, ambayo hapa kwetu mara nyingi huzuka pale vijidudu vinapokula ndani ya matope. Joto kali pia linaweza kuyazalisha madini hayo bila ya kiumbe chochote, lakini jiwe lile halionyeshi kuwa limepikwa. Waandishi wa makala hiyo walichagua maneno yao kwa uangalifu wa kupendeza, wakiyaita madoa hayo dalili inayoweza kuwa ya uhai, na wakaishia hapo. Sampuli ya jiwe hilo imehifadhiwa katika mrija, na mrija uko hukohuko Mirihi.

Hatua ya 5: Dai ushahidi wa pili, kwa mkono mwingine

Katika tangazo la Aprili 2025 nguvu ya ushahidi ilitajwa kuwa sigma 3, yaani kama hapakuwa na gesi ile, bahati tupu ingeweza kutoa matokeo kama hayo karibu mara 3 katika 1,000. Ni kidogo, lakini desturi ya fizikia kwa ugunduzi ni sigma 5, ambayo ni chini ya mara 1 katika 1,000,000. Tena hesabu hiyo inapima bahati peke yake. Haipimi uwezekano wa kumtaja mhusika asiye sahihi. Makundi mengine yalipozipitia data hizohizo, baadhi yaliona kuwa mstari ulionyooka usio na gesi yoyote unatosha kuzieleza, na mengine yaliona kuwa gesi nyingine kadhaa zinaingia mahali pa dimethili salfaidi bila taabu. Kwa mizani yangu, dalili hii bado iko chini kabisa ya ngazi, na kijana wa barazani alipaswa kusoma aya ya mwisho kabla ya kusoma ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisauni: Maalim, assalamu alaykum. Kwa nini wasitafute oksijeni tu, ambayo sisi sote twaijua kuwa inatoka kwenye mimea?

Waalaykumu salaam. Oksijeni ni shahidi mzuri lakini naye ana kasoro mbili. Karibu na nyota ndogo nyekundu, miale mikali inaweza kuuvunja mvuke wa maji, haidrojeni ikatorokea angani na oksijeni ikabaki, bila ya jani hata moja. Kasoro ya pili ni kinyume chake: Dunia yetu ilikuwa na vijidudu tangu angalau miaka bilioni 3.5 iliyopita, na hewa yake haikupata oksijeni ya kutosha kuonekana mpaka miaka kama bilioni 2.4 iliyopita. Mtazamaji wa mbali wa zama zile angesema hapa hapana kitu. Inayotafutwa zaidi ni oksijeni ikiwa pamoja na methani, kwa sababu mbili hizo hulana, na zikiendelea kuwepo pamoja lazima pawepo kitu kinachozizalisha bila kukoma.

Mwanachama wa Likoni: Nimesikia kuwa Wamarekani walipata uhai Mirihi mwaka 1976 wakauficha. Ni kweli?

Hakikufichwa kitu, ndugu yangu, matokeo yalichapishwa. Vyombo viwili vya Viking vilinyunyizia udongo wa Mirihi maji yenye virutubisho vilivyotiwa kaboni ya mnururisho, na gesi ikatoka, kama ambavyo ingetoka kama vijidudu vingevila virutubisho hivyo. Gilbert Levin, aliyelibuni jaribio hilo, aliamini maisha yake yote kwamba ule ulikuwa uhai. Chombo kingine ndani ya Viking hakikupata kaboni ya viumbe katika udongo huohuo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikagundua kuwa udongo wa Mirihi una pakloreti, chumvi ambazo zinaweza kuvuruga majaribio ya namna hiyo. Ni hatua ya 4 iliyorukwa, kwa kuwa kemia ya udongo haikujulikana kabla ya kuanza jaribio.

Bi. mmoja wa Tudor: Sisi wa pwani tuna sehemu gani katika kazi hii, au ni ya kusoma tu?

Bibi, pwani hii iliingia katika elimu ya anga zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na ikapewa jina la Uhuru. Haikutafuta uhai, lakini inaonyesha kuwa si jambo geni kwetu. Kwa leo, data za setilaiti ya TESS, inayotafuta sayari zinazopita mbele ya nyota zao tangu 2018, ziko wazi kwa kila mwenye intaneti, na upo mradi wa Planet Hunters TESS ambapo watu wa kawaida huipitia michoro ya mwanga kwa macho yao. Unyevu wa hewa yetu na taa za mji havikuzuii.

Waliouliza kama jambo hili linagongana na dini, ambao wamekuwa watatu, nawaomba wawaulize masheikh na mapadri wao.

Mwanachama wa Changamwe: Maalim, ulijuaje kwamba ni friji na si kitu kingine?

Niliichomoa plagi, nikakaa saa nzima, namba isitikisike. Nikairudisha, na mishuko ikarudi. Kwa K2-18b hapana plagi ya kuchomoa, ndiyo maana wachunguzi hulazimika kungoja sayari ipite tena mbele ya nyota, kila baada ya siku 33, waipime kwa chombo kingine na katika rangi nyingine za mwanga, na waone kama alama ya gesi inabaki mahali pake au inahama pamoja na madoa ya nyota.