Kubadilisha msambazaji wa mabomba ya fremu bila kuharibu kazi iliyo mezani

Somo hili ni la fundi anayeunda fremu za baiskeli za chuma kwa mkono, ambaye msambazaji wake amefunga biashara, amepandisha bei kupita kiasi, au amekuwa mtu wa kusema "wiki ijayo" kila wiki. Kumpata muuzaji mwingine si kazi kubwa, na kulinganisha bei ni kazi ya jioni moja. Ugumu uko kwingine. Michoro yako, jigi lako (kishikio kinachoyashika mabomba mahali pake unapolehemu), fimbo unazolehemia na ahadi ulizowapa wateja, vyote vimesimama juu ya mabomba ya yule wa zamani. Vipimo vingi hujawahi hata kuviandika, kwa sababu mkono ulishavizoea.

Hatua ya 1: Jua kama unabadilisha muuzaji au unabadilisha kiwanda

Haya ni mambo mawili tofauti. Ukinunua mabomba ya Columbus, kiwanda cha Italia, kwa msambazaji mmoja, kisha ukahamia kwa mwingine anayeuza Columbus hiyo hiyo kwa namba zile zile za orodha, umebadilisha duka tu. Hatua ya 3 na ya 6 zinakutosha, nyingine zipitie haraka.

Ukitoka Columbus kwenda Reynolds ya Uingereza, au ukahamia Kaisei ya Japani, hapo umebadilisha bomba lenyewe, na somo lote linakuhusu. Wakati mwingine huna hiari. True Temper ya Marekani ilipoacha kutengeneza mabomba ya baiskeli katikati ya miaka ya 2010, mafundi waliokuwa wamezoea seti zake walilazimika kuhamia kiwanda kingine, hata kama walikuwa na uhusiano mzuri na msambazaji wao.

Hatua ya 2: Andika unachotumia kweli

Usiandike jina la seti. Andika kila bomba peke yake: namba yake kwenye orodha ya kiwanda, kipenyo cha nje, unene wa ncha na wa katikati, urefu wote, na urefu wa kila ncha nene. Chukua fremu zako za karibuni, tazama ulitumia nini, anza na hizo.

Kwa nini si jina? Kwa sababu jina linataja aina ya chuma, halitaji umbo la bomba. Reynolds 531, iliyotoka mwaka 1935, iliuzwa kwa unene wa kila namna. Mtu akikwambia "ninayo Reynolds 853," hajakwambia chochote ambacho unaweza kukichora.

Hapa pa ncha nene ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Bomba la 0.8/0.5/0.8 lina unene wa milimita 0.8 kwenye ncha zote mbili, na 0.5 katikati. Viwanda viwili vinaweza kukuuzia 0.8/0.5/0.8 yenye kipenyo kile kile, lakini kimoja kikaacha ncha nene ndefu na kingine fupi, na eneo la kupungua unene likawa refu kwa huyu na la ghafla kwa yule. Unapokata bomba ili lilingane na fremu, unakula ncha. Fremu ndogo inakula nyingi zaidi. Ukikata kwa mazoea ya bomba la zamani, unaweza kujikuta unalehemu mahali ambapo chuma kimeshaanza kuwa chembamba, na kwa nje huoni kitu, kwa sababu unene unabadilika kwa ndani tu.

Kwa hiyo kabla ya kukata, elekeza bomba kwenye mwanga na uchungulie ndani. Mahali unene unapobadilika panaonekana kama pete ya kivuli. Pima pete hizo kwa kijiti kirefu chenye alama, kisha linganisha na karatasi ya kiwanda. Vitu vinavyotofautiana mara nyingi ni ncha ipi imekusudiwa kukatwa na ipi ibaki nzima. Soma alama za kiwanda hicho, usibebe kanuni ya kile cha zamani.

Bomba la siti lina hesabu yake. Kipenyo cha nje milimita 28.6, unene wa juu 0.6, tundu linabaki 27.4, na nguzo ya siti ya 27.2 inaingia vizuri baada ya kupitisha rima (chombo cha kusawazishia tundu). Msambazaji mpya akikuletea 28.6 yenye unene wa 0.9 kwa juu, tundu ni 26.8. Nguzo ya 27.2 haiingii, na hakuna rima ya kukuokoa hapo. Anayeunda fremu za maungio ya lagi (soketi za chuma ambamo ncha za mabomba huingia) awe makini zaidi, kwa sababu lagi ya 28.6 haitaki bomba la 28.0 la vipimo vya Kifaransa: pengo linakuwa kubwa mno kwa fimbo ya fedha, inayopenda nafasi ya takriban sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Mabomba ya mnyororo, yale ya chini yanayokwenda gurudumu la nyuma, nayo yapime pale yanapoingia kwenye ganda la ekseli ya pedeli. Kuna ya mviringo ya 22.2, na kuna yaliyobanwa ya 30 kwa 16.

Hatua ya 3: Muulize kabla ya kumlipa

Orodha ndefu haimaanishi ghala lililojaa. Wasambazaji wengi wa biashara hii ni wadogo, wana kilicho rafuni leo, na vingine vyote wanaagiza kiwandani oda zikitosha. Kwa hiyo uliza hivi hivi: "Katika namba hizi, zipi ziko mkononi mwako sasa?" Akijibu kwa ujumla, rudia swali.

Kisha uliza kama anauza bomba moja moja au seti tu, maana siku utakapoharibu bomba la chini hutaki kununua seti nzima. Uliza kiwango cha chini cha oda, nani analipa ushuru mzigo ukivuka mpaka, na bomba likifika limebonyea nani anabeba hasara. Bomba lenye unene wa 0.4 katikati linabonyea kwa kuangukiwa na kitu kidogo tu. Msambazaji anayeweka mabomba membamba kwenye boksi bila kuyatenganisha atakutia hasara hata kama ni mtu mwema.

Hatua ya 4: Agiza kidogo, pima, lehemu, kata

Oda ya kwanza iwe ya fremu moja na mabomba mawili matatu ya kuharibu kwa makusudi. Ukipokea, pima kipenyo sehemu kadhaa kwa kuzungusha kalipa uone kama bomba ni duara kweli. Pima unene wa ukuta pande zote za ncha. Liviringishe juu ya meza iliyonyooka na usikilize kama linagonga. Ondoa mafuta na utazame kutu kwa ndani.

Halafu chukua kipande, kiungie kwenye lagi au kwenye kipande kingine jinsi unavyounga fremu, ukikate kwa msumeno na utazame kama fimbo imejaa ndani yote. Nasisitiza hili hasa kama msambazaji mpya ndiye pia atakayekuuzia fimbo na dawa ya kulehemia. Fimbo ya fedha ya asilimia 56 inayeyuka kwenye takriban nyuzi 620 hadi 650 za Selsiasi, ile ya shaba inataka karibu 900. Hata ndani ya kundi moja, tabia ya fimbo na dawa hubadilika kati ya chapa na chapa: moja inakimbia, nyingine inasuasua, dawa moja inachoka mapema ukichelewa na moto. Usibadilishe bomba, fimbo na dawa kwa siku moja. Kiungo kikikataa hutajua cha kulaumu.

Na ukiuziwa fimbo ya fedha kwa bei ya kutupa, soma kama ina metali ya kadimiamu. Fimbo ya namna hiyo inatiririka vizuri sana, ndiyo maana wazee waliipenda, lakini moshi wake ni sumu ya kuua. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika fimbo za kulehemia mwaka 2011, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Akiba za zamani bado zinazunguka.

Kama unahamia mabomba yaliyopikwa kuongezewa ugumu, kuna jambo la ziada: hayakubali kunyooshwa kwa nguvu baada ya kulehemu kama kromoli ya kawaida (chuma chenye kromiamu na molibdeni). Ukiwa umezoea kurekebisha kidogo mwishoni, sasa unyoofu lazima utoke kwenye jigi na kwenye mpangilio wa kulehemu.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Reynolds ilipoleta 753 mwaka 1976, bomba jembamba lililotaka moto mdogo na fimbo ya fedha, fundi alitakiwa kwanza apeleke kiungo cha majaribio. Muuzaji ndiye aliyempima mnunuzi. Leo jipime mwenyewe, hakuna atakayekuomba.

Hatua ya 5: Hamia kati ya fremu na fremu

Gawa oda zako mafungu mawili. Wateja ambao mchoro wao umeshakubaliwa wamalizie kwa mabomba ya zamani, hivyo agiza ya kuwatosha kabla hujatangaza lolote. Wapya waanze na mabomba mapya. Fremu iliyoko kwenye jigi isiguswe.

Michoro irekebishwe, na violezo vya karatasi vya kukatia midomo ya mabomba vichapwe upya, kwa kuwa vinafuata kipenyo na unene. Vitalu vya kushikia bomba kwenye jiliwa navyo vikaguliwe. Andika kwenye daftari namba ya fremu, mabomba yaliyotumika na ankara yaliyotoka nayo. Siku fremu ikirudi na ufa utashukuru.

Hatua ya 6: Maliza vizuri na wa zamani

Lipa deni. Kisha futa kwa maandishi oda zote zilizokuwa zinasubiri, hata zile ulizozisahau, kwa sababu ndizo zitakazofika na ankara yake baada ya miezi. Usimwambie kwaheri kwa maneno makali. Biashara hii ina watu wachache, na kuna siku atakuwa na kipande kimoja ambacho dunia nzima haina.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mteja alishalipia kianzio na kwenye karatasi niliandika jina la bomba. Sasa halipatikani. Nimwekee linalofanana?*

Marahaba. Usimwekee kimya kimya. Mwandikie leo, umtajie bomba mbadala, kipenyo na unene, na umweleze kama uzito au ulaini wa fremu utabadilika. Mpe nafasi ya kurudishiwa kianzio. Kuanzia sasa, kwenye karatasi zako andika kipenyo, unene na aina ya chuma, kisha "au linalolingana nalo, kwa makubaliano ya maandishi."

*Mimi naunda fremu chache sana kwa mwaka. Kiwango cha chini cha oda cha msambazaji mpya kinanishinda.*

Ungana na wenzako wawili watatu muagize pamoja, ila mmoja tu awe na akaunti na wote wampe fedha kabla oda haijatumwa. Kubalianeni mapema bomba lililobonyea ni la nani. Mkiacha hilo hadi boksi lifunguliwe, kila mtu atachagua lililonyooka.

*Naweza kuchanganya? Pembetatu ya mbele kiwanda kimoja, nyuma kingine?*

Unaweza, na mafundi wengi hufanya hivyo: mbele bomba lililopikwa, nyuma kromoli ya kawaida. Kiungo hakijui kiwanda. Kinachotaka uangalifu ni vipenyo kwenye maungio, na stika. Usibandike stika inayodai fremu nzima ni ya kiwanda fulani wakati ni mabomba matatu tu.

*Msambazaji mpya anataka malipo yote kabla ya kuagiza kiwandani, na hasemi mzigo utafika lini.*

Kulipa kabla ni kawaida kwa bomba la kuagizwa, mtu mdogo hawezi kukubebea mzigo. Kukosa tarehe ndiko kubaya. Omba tarehe ya kiwanda kwa maandishi na haki ya kurudishiwa ikipita. Akikataa yote mawili, nunua kwake kilicho rafuni tu.

*Kuna bomba nimepokea lina mstari ndani kwa urefu wote. Nimepigwa?*

Si lazima. Kuna mabomba yanayotengenezwa kwa bati kukunjwa na kulehemiwa, na mengine huvutwa tena baadaye. Mengi ni imara. Tazama karatasi ya kiwanda inasemaje. Ikisema halina mshono na wewe unauona mstari, piga picha, usilikate, na umrudishie. Mkwaruzo wa chombo cha kuvutia bomba nao huacha mstari, ila ukipitisha ukucha kwenye mshono utahisi ukingo.

*Nina stika za kiwanda cha zamani zimebaki nyingi. Mabomba mapya ni chuma cha daraja lile lile.*

Ziweke kwenye droo kwa ajili ya fremu zako za zamani zitakazorudi kupakwa rangi upya. Kwenye fremu mpya hapana.