Jinsi ya kumsaidia mwandishi anayechunguza akili mnemba: hatua kwa hatua kutoka Arusha

Kazi yangu ni kuhariri na kuwasimamia waandishi wa kujitegemea wa Arusha na Moshi. Baadhi yao wanachunguza mifumo ya kompyuta inayoamua mambo ya watu: nani apewe mkopo, nani aitwe kwenye usaili, nani afungiwe akaunti. Wanazijua habari hizi kwa sababu zinawapata ndugu na majirani zao. Wanachokosa ni watu wa kusimama nao miezi yote ambayo uchunguzi unahitaji. Mwongozo huu ni wa hao: mhariri, kiongozi wa klabu ya waandishi, mwanasheria, mhadhiri, au yeyote mwenye kidogo cha kuchangia. Mfano nitakaoutumia ni mikopo ya kwenye simu, ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu.

Hatua ya 1: Anza na aliyeumia

Mwandishi akija na wazo la "kuandika kuhusu akili mnemba", mrudishe mtaani kwanza. Akirudi na mama muuza ndizi wa soko la Kilombero, jijini Arusha, aliyekopa kwa simu, akachelewa kulipa, kisha shemeji zake na mteja wake mkubwa wakatumiwa ujumbe wa kumwita tapeli, hapo ana habari. Maswali yanafuata yenyewe. Programu ilizipata wapi namba za shemeji? Nani aliamua kiwango cha mkopo wake, na kwa kuangalia nini? Je, kampuni ina leseni? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijiti yanayofanya kazi bila leseni, kwa hiyo swali la mwisho lina pa kuanzia.

Hatua ya 2: Lipia muda

Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka. Uchunguzi wa miezi mitatu kwake ni miezi mitatu ya njaa, na hapo ndipo bahasha ya mhusika inapopata mlango. Kaeni muandike bajeti: posho ya kila mwezi, nauli, bando, simu ya majaribio, ada ya mwanasheria, na akiba ya kumrudisha kwa watu wake baada ya habari kutoka. Kama klabu haina uwezo huo, msaidie kuandika maombi ya ufadhili. Pulitzer Center ya Marekani ina mtandao wa waandishi wanaofuatilia uwajibikaji wa akili mnemba tangu 2022, na umewachukua waandishi wa Afrika pia. Maombi yanayofaulu yana swali moja, mahali pamoja na watu halisi. Msaidie kufuta mengine yote.

Hatua ya 3: Andaeni simu ya majaribio

Usimwache apakue programu hizi kwenye simu yake mwenyewe, yenye namba za vyanzo vyake. Nunueni simu iliyotumika, ifutwe yote. Laini isajiliwe kihalali, kwa alama za vidole za mtu aliyekubali kushiriki. Jina la uongo litaua habari na linaweza kumfikisha mwandishi mahakamani. Kwenye orodha ya majina ya simu hiyo wekeni watu waliopewa maelezo na kuridhia.

Kabla ya kufungua programu, rekodini skrini. Kila ruhusa inayoombwa (majina, ujumbe mfupi, mahali ulipo, picha) ipigwe skrinishoti ikiwa na tarehe na saa. Hifadhini faili la programu lenyewe pamoja na masharti yake, kwa sababu kampuni ikishtuka hubadilisha vyote. Exodus Privacy, shirika la Ufaransa, lina zana ya bure inayoonyesha ruhusa na vifuatiliaji (vipande vya programu vinavyokusanya taarifa za mtumiaji) vilivyomo ndani ya programu ya Android. Kurasa za wavuti ziwekeni kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa. Mkikopa, lipeni kwa wakati kutoka kwenye bajeti, isipokuwa mmeshauriana na mwanasheria kwamba mnataka kuona kinachompata anayechelewa.

Hatua ya 4: Simamia neno "akili mnemba" lisikimbie mbele ya ushahidi

Hapa ndipo mhariri anapohitajika kuliko popote. Kampuni nyingi hujisifu kwamba zinatumia akili mnemba, huku ndani kukiwa na kanuni chache za kujumlisha na kutoa, au vijana ofisini wanaopitisha maombi kwa mkono. Kampuni nyingine hutumia mifumo mizito bila kuitaja kabisa. Mwandishi aandike alichokiona. "Programu ilisoma orodha ya majina, na siku mbili baada ya kuchelewa watu hao walipokea ujumbe" ni sentensi inayosimama. "Akili mnemba imemdhalilisha mama" inaanguka mbele ya wakili wa kwanza.

Mfundishe kuchora jedwali: mwombaji, kipato, aina ya simu, ruhusa alizotoa, kiasi alichopewa, riba, siku za kulipa. Waombaji wachache hawathibitishi ubaguzi, wanathibitisha tu kwamba swali lipo. Mwaka 2016 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, walipochunguza COMPAS, mfumo unaokadiria nani atarudia kosa, walipata kumbukumbu za zaidi ya watu 7,000 waliokamatwa katika kaunti ya Broward, Florida, wakalinganisha alama za mfumo na yaliyotokea baadaye. Waliona kwamba washtakiwa weusi ambao hawakurudia kosa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili kuliko weupe kuwa wamepewa alama ya hatari. Waliomiliki mfumo walibisha njia ya kupima, na mjadala ukaendelea kwa sababu takwimu na hesabu ziliwekwa wazi. Huo ndio uwazi wa kumdai mwandishi wako.

Pia mkumbushe kutazama nyuma ya mashine. Januari 2023 jarida la TIME lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Kenya walisoma maandishi ya kutisha ili kuisaidia OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, kuchuja matusi na ukatili, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Habari ile ilisimama juu ya nyaraka na wafanyakazi wenyewe.

Hatua ya 5: Tafuta mtaalamu wa kumpinga

Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru ina watafiti wanaofundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mazao kwa picha za majani. Watu wa aina hiyo wanajua mashine inavyokosea. Usiwaombe nukuu ya kupamba. Wape jedwali na uwaombe walivunje: sababu gani nyingine inaweza kueleza matokeo haya? Uliza mapema kama wana mkataba wowote na kampuni inayochunguzwa.

Hatua ya 6: Barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Tumeni barua mwanzoni mwa uchunguzi, siku hizo zipite kazi nyingine ikiendelea.

Barua ya pili wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, mama wa Kilombero mwenyewe anaweza kuiuliza kampuni ina taarifa gani zake na inazitumiaje, na sheria inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Wakimnyamazia, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwandishi amsaidie kuandika, lakini barua na uamuzi wa kuituma ni vya mama. Jibu, au ukimya, vyote ni ushahidi.

Hatua ya 7: Mwanasheria aingie kabla ya kuchapa

Alipwe asome rasimu akiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 mkononi. Mwandishi asiingie kwenye mfumo ambao hajaruhusiwa, hata akikuta mlango wazi. Mawasiliano na vyanzo yawe kwenye Signal, programu ya ujumbe uliofichwa kwa siri, ujumbe ukijifuta. Skrinishoti za vitisho zifichwe majina na namba za watu waliotumiwa ujumbe, na picha zifutwe taarifa za mahali zilipopigwa.

Mwanasheria wetu ana hoja nzito karibu na nyumbani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa Arusha, ilisema mwaka 2014 katika shauri la Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mwandishi kwa kashfa kunakiuka haki ya kujieleza. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya hapa hapa, ilikuta vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hatua ya 8: Haki ya kujibu, kisha redioni

Kampuni ipewe maswali kwa maandishi na siku za kutosha kujibu, na jibu lake lionekane ndani ya habari. Baada ya gazeti, tengenezeni toleo la redio, kwa sababu wakopaji wengi wa Kilombero na Mbuyuni wanasikiliza wakiwa kazini. Mama asomewe sehemu inayomhusu kabla haijatoka. Wiki zinazofuata mwandishi aendelee kulipwa posho: simu za wakopaji wengine zitaanza kuingia, na kila moja inatakiwa kuingizwa kwenye jedwali lile lile.