Somo: Gari inalia tak tak ukikata kona? Jinsi ya kuijua sivi jointi iliyochoka na kubadili shafti ya mbele

Wakuu habari za leo. Naona watu wengi wanaulizia gari inayolia tak tak tak ikikata kona, na majibu mengi ni "kanyaga tu mkuu hiyo haina shida". Sasa mimi hiyo haina shida ilikaribia kunimaliza na familia ndani, naomba niandike kwa urefu kidogo. Mlio huo mara nyingi ni sivi jointi (CV joint), kifundo kwenye shafti ya mbele, yaani kile chuma kinachopeleka nguvu ya gia boksi kwenye tairi; kifundo hicho ndo kinairuhusu shafti izungushe tairi hata likiwa limekatwa kona.

Nina Spacio new model, injini 1NZ, otomatiki. Mlio ulianza kidogo kidogo nikigeuza gari nyumbani, fundi akasema nitumie tu. Baada ya kama miezi mitatu tuko njia ya Iringa tunapanda Kitonga, nikasikia kitu kimepiga chini paa, nakanyaga mafuta injini inanguruma lakini gari haiendi. Nikaweka P nishuke niangalie, gari ikaanza kurudi nyuma. Ipo P na inarudi nyuma! Nikavuta hendibreki kwa nguvu zote, mke wangu akaruka kutafuta jiwe, nyuma yetu kuna lori linapanda. Baadaye ndo nikaelewa, P inafunga gia boksi, na gia boksi inashika matairi kupitia zile shafti mbili za mbele, moja ikikatika difu (inayogawa nguvu kwa matairi mawili) inauachia upande wa shafti iliyokatika uzunguke bure na gari inajiondokea. Kwa hiyo shafti ikikufia mlimani ni hendibreki kwanza na jiwe nyuma ya tairi, P usiitegemee kabisa.

KUITAMBUA

Kila shafti ina jointi mbili, ndo hizo sivi. Ya nje iko upande wa tairi, ndani ina mipira sita ya chuma inayotembea kwenye mifereji. Ya ndani iko upande wa gia boksi, kwenye gari zetu nyingi ina roli tatu. Zote zinaishi kwenye grisi nyeusi iliyofungiwa ndani ya raba buti. Raba ikipasuka grisi inarushwa nje, mchanga na maji vinaingia, na mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki unasaga chuma kama msasa.

Kata usukani mpaka mwisho uchungulie nyuma ya tairi la mbele. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu, kwenye springi na shokapu, raba imeshakufa. Minya zile mikunjo za raba kwa vidole uzifungue moja moja maana mpasuko mwingi umejificha katikati ya mikunjo, mimi yangu ilionekana nzima mpaka nilipoiminya.

Halafu tafuta uwanja wazi, kata usukani mpaka mwisho zunguka taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo kidogo, kushoto halafu kulia. Tak tak tak inayoongezeka na mwendo ni jointi ya nje, na mara nyingi ni ile ya upande wa nje wa kona, yaani ukikata kushoto inalia ya kulia kwa sababu ndo imebeba mzigo. Ya ndani haina huo mlio, yenyewe inatetemesha gari ukiwa unakanyaga mafuta na ukiachia inatulia, au inapiga "ngo" ukitoka D kwenda R. Mvumo wa uuuu unaopanda na spidi hiyo ni beringi ya hab (kitovu ambacho tairi linafungwa), msichanganye.

Raba ikiwa imepasuka na hakuna mlio bado, shukuru Mungu, fungua, safisha, weka grisi mpya ya sivi na raba mpya, biashara imeisha. Ikishaanza kulia grisi haiponyi kitu.

KUNUNUA

Usiende dukani mikono mitupu. Nenda na ile ya zamani, iwe Gerezani Kariakoo pale Dar au kwingine, hesabu meno ya upande wa hab na ya upande wa gia boksi, pima urefu, angalia kama ina ringi ya meno ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukibana breki). Gari mbili zinazofanana kwa macho meno yanaweza kutofautiana. Ya mtumba kutoka Japani mimi naiamini kuliko mpya ya bei ya kutupa, ila ikunje jointi kwa mkono na kuizungusha kwanza, ukisikia mkwaruzo au inacheza iache hapo hapo. Nunua pia oili seli ya gia boksi (raba inayozuia oili isivuje pale shafti inapoingilia) na nati mpya ya shafti.

KUBADILI (Corolla NZE121, Spacio new model na ndugu zao)

Gari ikiwa bado chini, hendibreki juu, kabari matairi ya nyuma. Toa kifuniko cha katikati ya rimu. Nati ni ya soketi namba 30 na ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, inyanyue hiyo sehemu kwanza kwa tindo ndogo, ukilazimisha utaharibu uzi wa shafti. Ilegeze kwa soketi na bomba refu, mtu akiwa amekanyaga breki.

Piga jeki, weka stendi. Jeki peke yake hapana wakuu, hasa kazi hii ambayo unavuta na kusukuma gari. Toa tairi, mwaga oili ya gia boksi kwenye chombo safi na upime imetoka kiasi gani.

Legeza vishikizo vya waya wa ABS na mpira wa breki ili visivutwe. Chini kwenye boljointi (kifundo kinachounganisha amu, ule mkono wa chini, na naki, chuma kinachobeba hab) kuna boliti moja na nati mbili, za spana 17, zifungue, ukandamize amu chini kwa bomba refu, naki itakuwa huru. Sasa nati ya shafti irudishie kwa mkono mpaka ilingane na mwisho wa uzi, halafu gonga kwa nyundo ya mbao au ya raba, shafti itarudi ndani. Nyundo ya chuma moja kwa moja kwenye uzi ni kuua shafti.

Kuitoa kwenye gia boksi ndo watu wanaharibu. Usivute shafti kwa nje! Ukivuta hivyo jointi ya ndani inaachana na roli zinadondoka. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya kikombe cha jointi ya ndani na bodi ya gia boksi, piga mshtuko mfupi, itachomoka. Angalia usichane seli. Mimi seli nabadilisha kila nikifungua, ni ya bei ndogo na kurudia kazi yote kisa tone la oili inauma.

Kurudisha, paka oili kwenye midomo ya seli na kwenye meno, ile klipu ya mwisho wa shafti uwazi wake uangalie chini, sukuma mpaka usikie tak. Ishike jointi ya ndani uivute kidogo, ikikataa imekaa. Rudisha boljointi, nati mpya kaza kwa torki (nguvu ya kukaza) ya 216 Nm mtu akiwa amekanyaga breki, halafu gonga ukingo uingie mfereji kama ulivyoikuta. Usiliweke gari chini wala kulisukuma kabla nati haijakazwa, beringi itaumia. Nati za tairi 103 Nm. Jaza oili kiasi kile kile kilichotoka (hizi zinatumia oili ya gia boksi ya Toyota aina ya T-IV), washa injini, ikishapata moto pitisha gia zote urudi P, ndo upime kwa dipstiki injini ikiwa inawaka.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu yangu inagonga nikipita kwenye mashimo tu, kona haina shida, ni sivi?
Jibu: Hapana kaka, anza na linki za stablaiza, kisha boljointi na bushi za amu. Sivi inalia kwa kuzunguka, shimo haihusiki sana.

Dada mmoja: Fundi anasema atatoa ya kulia aweke kushoto na ya kushoto kulia mlio utaisha, ni kweli au ananiibia?
Jibu: Dada yangu hajakudanganya kabisa. Zile jointi za nje wanazibadilishana ili mipira ikandamize upande wa mfereji ambao haujalika, mlio unapotea kwa muda. Lakini chuma kimeshalika na uchafu umeshapita humo, mlio utarudi. Hela ya ufundi utailipa mara mbili, subiri ununue moja nzuri.

Mdau wa Nakuru: Niko na NZE, inalia kiasi na nataka kwenda Mombasa wikendi, itanifikisha?
Jibu: Inaweza kufika na inaweza kukuacha njiani, hakuna mtu wa kukuhakikishia ndugu yangu. Na yangu ililia miezi mitatu nikaizoea. Badilisha kwanza, Grogan pale Nairobi kwenye maduka ya spea shafti hukosi.

Mdau: Baada ya kufunga lazima nikafanye alaimenti?
Jibu: Ukifungua boljointi pekee kama nilivyoeleza, hapana. Ila ukifungua zile boliti mbili kubwa za shokapu kwenye naki lazima, maana pale ndo tairi linapata mlalo wake.

Mdau wa Tanga: Nimefunga jana, leo nimekuta oili chini upande huo huo.
Jibu: Pole mkuu. Egesha kwanza, usiiendeshe tena kabla hujapima oili. Futa pakauke, washa uangalie inatokea wapi, ikitoka pale shafti inapoingilia basi seli imechanwa na meno au imekaa upande, ukivuta jointi ya ndani ikasogea nje basi klipu haikukaa kabisa. Vyovyote iwavyo shafti inatoka tena, na seli igonge kwa bomba lenye upana sawa na seli, taratibu ikizunguka pande zote, usitumie bisibisi.