Kuchoma matofali kwa kuni chache: kutoka tanuri la shambani hadi tanuri la kudumu

Mchomaji wa matofali anayetaka kupunguza kuni asikimbilie kujenga tanuri jipya, bali aangalie kwanza joto lake linapotelea wapi. Katika tanuri letu la shambani, lile linalopangwa kwa matofali yenyewe, likaachiwa midomo ya moto chini na kukandikwa udongo nje, sehemu kubwa ya moto haiivishi tofali: hukausha maji, hupenya kwenye nyufa na kutoka na moshi.

Anza na maji. Kila lita iliyobaki ndani ya matofali mabichi hula zaidi ya megajuli 2.5 za nishati ya joto kabla ya kuisha kuwa mvuke. Matofali 10,000 yenye robo lita kila moja yatateketeza takribani kilo 400 za kuni kavu kwa kazi ambayo upepo ungeifanya bure. Kwa hiyo yaanike kivulini siku za mwanzo ili yasipasuke, kisha yasimamishe kwa ubavu, yakiachiwa nafasi, kwa wiki mbili au zaidi kulingana na hali ya hewa. Kabla ya kupanga tanuri, vunja tofali moja: kiini kikiwa na rangi nzito kuliko kingo, bado ni bichi, na kulichoma ni hasara.

Hatua ya pili ni kutia nishati ndani ya udongo wenyewe. Wa Mbarali na Kyela wana pumba za mpunga, wa Mafinga wana vumbi la mbao, na wa Mbozi wana maganda ya kahawa. Changanya ndoo moja kwa ndoo kumi za udongo, fyatua matofali machache ya majaribio, uyachome na kuyapima nguvu kabla ya kuongeza, kwa sababu pumba zikizidi tofali huwa na matundu mengi na kudhoofika.

Tanuri lenyewe lijengwe kubwa kadiri matofali yanavyoruhusu, kwani lile dogo lina kuta nyingi za kupoteza joto kwa kila tofali lililomo. Likandike vizuri, uzibe kila ufa unaojitokeza wakati wa kuchoma, na uweke kinga upande wa upepo. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa. Gogo bichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

Moto uanze mdogo. Chomeka nondo baridi juu ya tanuri kwa muda mfupi, kisha uichomoe: ikitoka na matone, mvuke haujaisha, na kuongeza moto wakati huo kutapasua matofali. Ikitoka kavu, ongeza taratibu hadi nyuzi 900 au 1,000 hivi, ukiwa mwangalifu hasa karibu na nyuzi 573, ambapo mchanga ulio ndani ya udongo hutanuka ghafla. Matofali yakishaiva, ziba midomo yote na uliache tanuri lipoe lenyewe kwa siku kadhaa.

Ukizoea hayo, ndipo ufikirie tanuri la kudumu. Lile la wima, lililoanzia China na kufika hadi Malawi, hupakiwa matofali mabichi juu na kutolewa yaliyoiva chini, huku moto ukibaki katikati. Hewa inayoingia chini huyapoza matofali yaliyoiva na kupata joto kutoka kwayo, na moshi unaopanda hupasha mabichi. Kwa njia hiyo hutumia takribani megajuli 1 kwa kila kilo ya tofali, wakati matanuri ya shambani kwa kawaida hupita 2. Lakini halizimwi kila siku, na kwa kawaida hutumia makaa ya mawe yaliyopondwa, hivyo huokoa miti bila kuondoa moshi wote. Bomba refu ni la lazima. Pia linadai matofali makavu na wateja mwaka mzima, masika yakiwamo. Mtu mmoja mmoja hawezi kulilisha kwa urahisi, kwa hiyo kikundi kinachochanga fedha kijenge kwanza banda la kukaushia lenye paa, kisha ndipo kichimbe msingi wa tanuri.