Ripita inakwaruza? Anza na konekta za antena

Wenzangu wa redio hapa Tanga, kama ripita (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena mbali zaidi) inakwaruza hasa upepo wa kusi ukivuma, au mtu wa mbali anaingia vizuri halafu transmita ikiwaka tu anapotea, msikimbilie kufungua dupleksa (kichujio kinachoiwezesha antena moja kupokea na kurusha kwa wakati mmoja). Sisi tulimaliza siku mbili tunahangaika nayo, kumbe ni konekta ya juu mnarani, chumvi ya bahari imeshaila. Ripita za mita 2 (bendi ya VHF ya wapenzi wa redio) mara nyingi masafa ya kupokea na kurusha yanapishana kilohezi 600 tu, kwa hiyo konekta ikilegea au ikiota kutu inatoa kelele inayoingia moja kwa moja kwenye risiva.

Zima transmita, toa waya wa antena, weka dami lodi ya ohm 50 (mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena), washa tena, mwenzio asimame karibu aongee na redio ya mkononi kwa nguvu ndogo kabisa. Mkwaruzo ukiisha ubovu uko juu, ukibaki tingisha konekta za ndani moja moja huku unasikiliza.

Na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ikisoma vizuri usifurahi haraka!! Waya uliokunywa maji unameza nguvu inayopanda na ile inayorudi pia, mita inaona kidogo inadhani mambo safi.

Ukipanda (mkanda lazima, na mawingu ya radi yakionekana usipande kabisa) fungua waya pande zote mbili, pima kwa multimita ikiwa kwenye ohm, kati ya pini na ganda la konekta, isisome kitu. Halafu unganisha pini na ganda upande mmoja, upande wa pili isome karibu na 0. Ukikuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au kijani usizisugue, kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni futi nzima.

Konekta mpya weka aina ya N, PL-259 (ile konekta ya kawaida ya redio nyingi) haizuii maji. Silikoni inayonuka siki usiiguse, inakula shaba. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, anza kuzungusha chini kupanda juu kama unavyoezeka makuti, ili maji yateleze nje, juu yake tepu nyeusi ya kuzuia jua, na waya uuache unaning'inia kidogo chini ya konekta maji yadondokee hapo. Ukishuka rudia jaribio la mwenzio na redio ya mkononi, safari hii na antena yenyewe.