Somo: Kutumia ikwalaiza unapomiksi ngoma mbili

Wakuu, habari za kutwa. Leo tunashika ikwalaiza, yaani zile nobu tatu zilizopangwa wima juu ya kila chaneli ya miksa: trebo (sauti za juu), midi (sauti za kati) na besi (sauti nzito za chini). Mfano wangu utakuwa amapiano moja inayotoka na nyingine inayoingia, zote kwenye BPM (biti kwa dakika) 112 hivi. Nimeichagua kwa sababu ukumbi wowote wa send-off, Dar au Mombasa, utakudai amapiano, na hakuna muziki unaomuumbua haraka DJ asiyejua kushika besi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ikwalaiza ya DJ ni ya kupunguza. Itazame hata mashine yenyewe. Kwenye miksa nyingi za Pioneer DJ zinazokaa klabu, nobu ukiipeleka kulia mpaka mwisho inaongeza desibeli 6 tu. Kushoto inashusha desibeli 26, na ukiwasha isoleta, swichi inayoipa nobu nguvu ya kuzima bendi nzima, inakata kabisa. Waliozitengeneza walijua mkono wako utahitaji kwenda upande gani.

Hatua ya 1: Jua nani anakaa wapi

Weka ngoma moja tu. Zungusha midi na trebo kushoto mpaka mwisho, besi iache saa sita, yaani alama ya nobu ielekee juu katikati. Utakachosikia ni kiki (ile ngoma kubwa inayopiga biti) na mngurumo wa besi, kwa kawaida chini ya hezi 250 au hapo karibu. Sasa ua besi, rudisha midi: hapo wanakaa waimbaji, kinanda, gitaa na sneya. Mwisho acha trebo peke yake: hai-hati, sheka na zile "s" za mwimbaji.

Kwa amapiano sikiliza logi dramu, ile ngoma yake nzito inayopiga besi, kwa makini. Uzito wake uko kwenye besi, lakini ule mlio wake wa kugonga, "tok" ya mwanzo, uko midi. Ndiyo maana ukiua besi ya ngoma inayoingia bado utasikia inagonga kwa mbali. Wengi wanadhani nobu ni mbovu. Si mbovu, ndivyo sauti ilivyo.

Fanya zoezi hili kwa ngoma kumi tofauti kabla hujaendelea na somo.

Hatua ya 2: Geini kwanza, ikwalaiza baadaye

Nobu zote tatu ziwe saa sita. Cheza sehemu ya ngoma yenye kelele kuliko zote, siyo utangulizi, kisha panga geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia kwenye chaneli) mpaka taa za chaneli zicheze juu ya kijani na kuonja rangi ya chungwa kidogo. Nyekundu hapana. Ngoma iliyorekodiwa chini ipandishe kwa geini, usiipandishe kwa kuongeza besi na trebo. Ukishaanza kuongeza kwa ikwalaiza, ngoma inayofuata itaonekana imepooza, utaiongeza nayo, na kufika saa nne usiku miksa yote inawaka nyekundu na spika zinakwaruza.

Hatua ya 3: Linganisha kasi kabla ya kukata

Hapa wanaoanza wanajikwaa. Kwenye miksa nyingi, unachosikia kwenye hedifoni kimeshapita kwenye ikwalaiza. Ukiua besi kwanza, kiki unayoitegemea kulinganisha biti inapotea masikioni mwako. Kwa hiyo linganisha ngoma inayoingia ikiwa kamili, hakikisha kiki zimekaa juu ya kiki, halafu ndipo upeleke besi yake kushoto mpaka mwisho. Trebo ishushe mpaka saa tatu, yaani alama ielekee kushoto. Midi ishushe kidogo tu.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye mwanzo wa fungu

Muziki wa namna hii unajengwa kwa mafungu ya biti 32: pau 8, kila moja biti 4. Kwa BPM 112 fungu moja ni sekunde 17 hivi. Iachie ngoma mpya kwenye "moja", yaani biti ya kwanza, ya fungu jipya, kisha pandisha slaida ya chaneli taratibu. Kwa kuwa haina besi, watu hawatashtuka; watasikia tu sheka zimeongezeka.

Fungu la pili badilishana trebo: ya zamani inashuka kuelekea saa tatu, mpya inapanda kuelekea saa sita. Usiziache mbili zote juu. Sheka mbili zenye mapigo tofauti zikikutana zinakuwa kama mvua kwenye bati, na hapo ndipo masikio ya wageni yanachoka bila wao kujua kwa nini.

Hatua ya 5: Kubadilishana besi

Hapa ndipo somo lilipo, basi tukae.

Besi mbili hazichezi pamoja, na sababu yake si ladha ya mtu. Wimbi la hezi 50 linamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Kiki yako ya pili ikichelewa milisekunde 10 tu, wimbi moja linasukuma spika mbele wakati jingine linaivuta nyuma, na besi inapungua au inatoweka. Milisekunde 10 sikio lako halizisikii kama kosa. Utadhani umelinganisha vizuri kabisa, lakini pale mbele sakafu imekufa. Zikikutana sawasawa nalo ni tatizo: mawimbi yanajumlishana, amplifaya inaelemewa, limita (kinga inayozuia sauti isizidi kiwango) inavuta kila kitu chini, na sauti ya mwimbaji inazama pamoja na besi.

Kwa hiyo besi moja tu ndiyo inayotawala wakati wote. Hesabu fungu. Ikifika biti ya 29, vidole viwe tayari: mkono wa kushoto kwenye besi ya ngoma inayotoka, wa kulia kwenye besi ya inayoingia. Moja ya fungu jipya ikigonga, ya zamani iende chini na mpya ipande saa sita, kwa pamoja, kwa mzunguko mmoja. Usizungushe polepole kama unafungua bomba. Sehemu ya katikati, ambako besi zote mbili ziko nusu, ndiyo mbaya kuliko zote.

Kuna njia moja ya kuongeza utamu. Ua besi ya zamani biti nne kabla, ukumbi ukose besi kwa pau moja, kisha mpya ishuke kwenye moja. Mchezo wa kuwanyima watu besi na kuwarudishia ni wa zamani. DJ Larry Levan alijulikana sana kwa kucheza na bendi za sauti namna hiyo pale Paradise Garage, New York, klabu iliyofanya kazi kuanzia 1977 hadi 1987. Ila usifanye kila ngoma. Mara ya tatu watu wameshakusoma.

Hatua ya 6: Midi na waimbaji

Waimbaji wawili kwa pamoja ni fujo, na ikwalaiza itakusaidia kidogo tu. Ukishusha midi ya mmoja mpaka saa tatu anarudi nyuma, lakini maneno bado yanasikika. Dawa hasa ni kuchagua mahali: ingiza ngoma yako juu ya sehemu isiyo na maneno.

Hatua ya 7: Toa, kisha rudisha

Shusha slaida ya ngoma ya zamani, na hapohapo rudisha nobu zake zote tatu saa sita. Fanya iwe mazoea ya mkono. Vinginevyo ngoma inayofuata utaipakia kwenye chaneli isiyo na besi, uipangie geini ukiwa unaisikia nusu, na hutajua tatizo liko wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali, Mwanza: Mkuu, ukumbini mwenye vyombo aliweka besi juu sana kwenye miksa yake kubwa. Nikiua besi kwangu bado kuna mngurumo. Nifanye nini?*

Ongea naye mapema, kaka, kabla wageni hawajafika. Mwombe aweke ikwalaiza ya jumla usawa, mcheze pamoja ngoma moja mnayoijua wote, naye arekebishe kulingana na ukumbi. Kazi ya ukumbi ni yake, kazi ya ngoma ni yako. Kama amekataa, kata besi yako mpaka mwisho wakati wa kuingiza na fupisha miksi, fungu moja linatosha. Angalia pia kama miksa yako ina swichi ya isoleta. Zile desibeli 26 zinabakiza besi kidogo, na kwenye sabu (spika ya besi) kubwa hicho kidogo kinasikika.

*Swali, Dar: Mimi napiga singeli. Biti 32 zinaisha kabla sijashika nobu!*

Ni kweli. Kwa BPM 210 fungu zima ni sekunde 9, na singeli nyingine zinapita hapo. Sahau kubadilishana trebo. Ngoma mpya iingie besi imekufa, hesabu fungu moja, badilisha besi, toa ya zamani, basi. Wengine wanaweka lupu (kipande kinachojirudia) ya pau 4 kwenye ngoma inayotoka ili wapate nafasi ya kupumua. Nami naona singeli inapenda mkato kuliko miksi ndefu. Ile kasi yenyewe ndiyo raha, ukiikokota unaiua.

*Swali, Arusha: Kaka, nobu ya filta si inafanya kazi ileile? Nikiipeleka kulia besi inaondoka.*

Inaondoka, dada, lakini haiishii hapo. Filta ukizidi kuizungusha inakwea, inaanza kula midi pia, na ngoma inabaki nyembamba. Ikwalaiza inagusa bendi moja na kuziacha nyingine. Filta itumie kuitoa ngoma kwa madoido. Kwenye kubadilishana besi baki na ikwalaiza.

*Swali, Mombasa: Nina santuri za zamani za rumba na dansi. Somo hili linanihusu?*

Linakuhusu kwa sehemu, mzee wangu. Ngoma hizo zilipigwa na watu, siyo mashine, kwa hiyo kasi inapanda na kushuka, hasa sebene ikikolea. Miksi ya fungu mbili au tatu itakupa tabu. Besi ya rekodi hizo pia ni nyembamba kuliko ya leo, hivyo ukitoka amapiano kwenda rumba usibadilishane besi ghafla, ukumbi utaona kama umeme umepungua. Anza kuishusha besi ya amapiano mapema, kidogokidogo, masikio yazoee. Jambo jingine: santuri karibu na sabu inaokota mtikisiko wa besi na kuurudisha kwenye spika, ule mngurumo unaokua wenyewe. Ukiusikia, shusha besi ya chaneli hiyo mara moja, kisha uhamishe meza au uweke sponji nene chini ya pleya.

*Swali, Nairobi: Kontrola yangu ndogo ina nobu mbili tu, besi na trebo.*

Inatosha kwa hatua ya 3, 4 na 5. Kwa waimbaji tegemea kuchagua mahali pa kuingilia. Na kagua programu yako kwenye kompyuta: nyingi zina nobu ya midi kwenye skrini, na unaweza kuipangia kitufe usichokitumia kwenye kontrola.